Windisafingi au kaitisafingi: anayeanza achague upi, na apime nini kabla ya kuchagua?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kwa muda mrefu nimetamani kuanza mchezo wa majini unaotumia upepo, na nimeamua kwamba msimu ujao hautanipita. Nimekwama penye uchaguzi kati ya windisafingi, ule wa kusimama juu ya ubao wenye mlingoti na tanga, na kaitisafingi, ule wa kuvutwa na tiara kubwa iliyofungwa kiunoni kwa kulabu. Nina miaka 38, naogelea vizuri, sijawahi kuendesha chombo chochote cha tanga, na nafasi yangu ni siku moja kwa wiki, mara chache mbili. Kila nikitazama video naona tiara inanivutia zaidi, kwa kuwa watu wanaruka na kuelea hewani, lakini rafiki yangu anasisitiza nianze na tanga. Naomba mwenye uzoefu wa yote mawili anieleze tofauti hasa iko wapi.

Mchangiaji wa 1

Ndugu, karibu. Mimi nilianza na tanga, nikaongeza tiara miaka mitano baadaye, na hadi leo nabeba vyote viwili nikienda majini, kwa hiyo sina upande ninaoutetea. Ningekushauri uache kwanza kulinganisha raha, kwa sababu raha ipo kotekote, ujiulize jambo moja: pindi utakapokosea, na mwanzoni utakosea kila dakika, chombo ulichokishika kitafanya nini?

Kwa upande wa tanga jibu ni fupi. Mlingoti umeungwa na ubao kwa kiungo kinachopinda pande zote, na hakuna kamba inayoushikilia wima isipokuwa mikono yako mwenyewe. Kiungo hicho ndicho kiini cha hati ya ubunifu ambayo Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliiomba kule California mwaka 1968, na ndicho kinachomlinda anayeanza hadi leo. Ukiachia, tanga linalala majini na nguvu yote inakwisha papo hapo. Unabaki na ubao mpana wenye ujazo wa lita 200 hivi, unaoelea hata ukiukalia, na una muda wote unaoutaka wa kupumua, kutazama ulipo na kuanza upya.

Tiara haina tabia hiyo. Iko mita 20 hadi 24 kutoka mikononi mwako, mahali ambapo upepo una nguvu kuliko usawa wa maji, na inaruka yenyewe muda wote uwe umeikumbuka au umeisahau. Kwenye tiara za sasa, ukiuachia upau wa kuongozea, upau unateleza kwenda mbele na tiara inapoteza sehemu kubwa ya nguvu, lakini bado inavuta. Ili kuizima kabisa ni lazima ufyatue kulabu ya kiunoni, tiara ibaki imeshikwa na kamba moja ya usalama na kupeperuka kama kitambaa. Na ikiendelea kukuburuta hata hapo, unafyatua na kamba hiyo ya mwisho. Mambo hayo ni rahisi kuyaeleza. Ugumu wake ni kwamba binadamu akishtuka hukaza mikono na kuvuta, na kwenye tiara kuvuta upau ni kuongeza nguvu. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa tiara atakufanya ufyatue mara kumi mchangani kabla hajakuruhusu kulowa.

Ongeza hapo hesabu moja ambayo watu wengi hawaijui. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukipanda kutoka noti 12 hadi noti 24 (noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85), mvuto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Mwenye tanga akipigwa na kishindo cha namna hiyo hurushwa mbele, akaanguka, na mambo yakaishia hapo. Mwenye tiara kubwa aliyesimama ufukweni anaweza kunyanyuliwa, na kinachomsubiri upande unakoelekea upepo ndicho kitakachoamua siku yake itaishaje.

Kwa hiyo, kabla hujajipima wewe mwenyewe, upime ufukwe wako.

Mleta uzi

Nashukuru sana, mkuu. Naomba ufafanue hilo la kuupima ufukwe. Nitazame nini hasa?

Mchangiaji wa 1

Nenda siku ya upepo, uchukue uzi mwepesi au utepe, ufunge kwenye fimbo, kisha usimame pale unapodhani utaingilia majini. Kwanza utazame upepo unaelekea wapi. Upepo unaopita sambamba na ufukwe, au unaokuja kwa mshazari kuelekea nchi kavu, unafaa kwa wote wawili, kwa kuwa atakayeshindwa atarudishwa pwani. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda kwenye kina ni wa kuukataa moja kwa moja, hata kama maji yanaonekana tulivu kama kioo. Utulivu huo wa karibu na nchi ndio unaowadanganya watu, maana mita 300 mbele upepo ni mwingine kabisa. Upepo unaopiga ufukwe uso kwa uso una kero yake: mwenye tanga atahangaika kutoka, lakini kwa mwenye tiara ni hatari, kwa sababu nchi kavu yote iko mgongoni mwa tiara.

Pili, utazame utepe wenyewe. Ukisimama umenyooka kwa dakika nzima, una upepo wa kufundishia. Ukilegea, ukanyooka, ukageuka, ukalegea tena, ujue kuna miti, majengo au kilima kinachoukata upepo. Kwenye upepo uliokatwa tanga linachosha, lakini tiara inaweza kudondoka kamba zikalegea, kisha ikakamata upepo tena kwa mkupuo mmoja.

Tatu, nafasi. Tiara inahitaji uwanja wa kutandaza kamba zake na mtu wa pili wa kukushikia wakati wa kuirusha na kuipokea, na upande unakoelekea upepo pasiwe na mawe, nyaya za umeme, magari wala watoto wanaocheza. Tanga huingia majini hata penye upenyo wa mita nne kati ya mawe, na unaweza kuwa peke yako kabisa, ingawa kwa anayeanza sishauri.

Nne, kasi. Siku ya kwanza ya tanga inahitaji noti 6 hadi 10 tu, na kwenye ziwa au ghuba ya maji tulivu ndipo panapofaa zaidi. Tiara ya anayeanza inataka noti 12 hadi 18 za upepo usioyumba. Mahali penye upepo hafifu kwa miezi mingi, mtu wa tiara atakaa ufukweni akitazama anga wakati mwenzake wa tanga anajifunza kugeuza.

Mchangiaji wa 2

Naheshimu maelezo ya mkuu hapo juu, lakini naona yanaitisha tiara kupita kiasi, na mleta uzi anaweza kukosa mchezo unaomfaa. Sifa mbaya ya tiara imetokana kwa kiasi kikubwa na vifaa vya mwanzo, ambavyo nguvu yake haikuweza kupunguzwa vya kutosha. Tangu katikati ya miaka ya 2000 zilipoenea tiara za umbo la upinde, ambazo nguvu zake hushuka karibu zote ukisukuma upau, mchezo umebadilika sana.

Kuna na jambo la muda, ambalo yeye mwenyewe amelitaja kuwa ni siku moja kwa wiki. Tanga humkaribisha mtu siku ya kwanza, kisha humweka mlangoni kwa muda mrefu. Utakwenda na kurudi kwa furaha, halafu utagundua kwamba kutoka hapo hadi siku ubao utakaponyanyuka na kuteleza juu ya maji, miguu ikiwa kwenye mikanda na kiuno kikiwa kwenye kulabu, kuna misimu miwili au mitatu kwa mtu wa siku moja kwa wiki. Tiara ni kinyume chake. Siku mbili tatu za mwanzo hukanyagi hata ubao, unafundishwa kuongoza tiara ndogo, kisha kuburutwa majini kwa tumbo. Lakini baada ya saa 9 hadi 12 za mafunzo wengi wanasimama, na baada ya hapo maendeleo ni ya haraka kiasi kwamba mtu anashangaa.

Tusisahau mzigo. Tiara mbili, upau na ubao wa sentimita 135 vinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Mtu wa tanga ana mlingoti wa mita 4, hata ukitenganishwa vipande viwili, ana bumu, yaani ule upau wa kulishikia tanga, ana matanga matatu, ana ubao mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Mtu asiye na gari wala mahali pa kuhifadhi ataviweka wapi?

Mchangiaji wa 1

Mkuu, mengi uliyosema ni kweli, na hilo la muda nakubaliana nawe bila kusita: tanga ni rahisi kuanza na gumu kuendelea, tiara ni ngumu kuanza na rahisi kuendelea. Mzigo pia ni hoja ya kweli. Nakubali vilevile kwamba vifaa vya leo ni salama mara nyingi kuliko vya zamani.

Ninachokikataa ni dhana kwamba kifaa kizuri kinamtosha mtu asiyefundishwa. Naomba nieleze kilichonipata, kwa sababu kilinipata nikiwa na tiara mpya ya kisasa na nikiwa tayari nimemaliza masomo. Nilikuwa natandaza kamba zangu huku nikizungumza na mtu, nikaziunganisha kamba mbili za kushoto na kulia kinyume. Kamba za tiara ni nyembamba, na zikilala mchangani zinafanana kama nywele. Rangi za mafundo ndizo zinazotofautisha, nami sikuzitazama. Mwenzangu akanyanyua tiara, nikampa ishara, akaachia. Ilipopanda ikaanza kuelekea kulia, nikaivuta kushoto kama nilivyofundishwa, ikazidi kwenda kulia, nikazidi kuvuta kushoto, ikapiga mzunguko kamili chini ya upepo. Nilikwenda kwa kifua mchangani mita kama kumi na tano kabla mkono haujakumbuka kifyatuo kilipo. Sikuumia zaidi ya kuchubuka, kwa sababu moja tu: upande ule palikuwa mchanga mtupu na maji. Tangu siku hiyo natembea kutoka upau hadi tiara nikiipitisha kila kamba katikati ya vidole vyangu, na sizungumzi na mtu hadi nimalize.

Kosa kama hilo kwenye tanga lingenifanya nicheke na kufunga upya.

Mchangiaji wa 3

Naomba nichomekee swali hapa hapa. Mimi ni mwanamke mwenye kilo 54 na miaka 47, na mgongo wangu si wa kuaminika sana. Nimekuwa nikidhani tanga linataka mikono ya mpagazi. Je, ni kweli?

Mchangiaji wa 1

Dada yangu, dhana hiyo ni ya zamani, na kwa sehemu inatokana na namna watu wanavyofundishwa vibaya kulinyanyua tanga. Tanga likiwa limelala majini linabeba maji juu yake, na maji hayo ndiyo mazito. Anayelivuta kwa pupa, mgongo ukiwa umepinda, anajaribu kunyanyua tanga na maji kwa pamoja, na hapo ndipo viuno vinapolalamika. Namna ya sawa ni hii: unasimama katikati ya ubao huku upepo ukikupiga mgongoni, unaikamata kamba ya kunyanyulia, unakunja magoti, unanyoosha mgongo na mikono, kisha unalala nyuma taratibu kwa uzito wa mwili. Utaona ncha ya tanga inatoka, maji yanaanza kumwagika pembeni, na unasubiri. Usifanye chochote, usubiri tu. Maji yakiisha, tanga linakuja lenyewe, jepesi kama shuka linaloanikwa. Kwa kilo 54 tanga la kuanzia ni la mita za mraba 3 au 3.5, na uzito wake si wa kumtisha mtu.

Baadaye, ukianza kutumia kulabu ya kiunoni, mvuto wa tanga unabebwa na mwili mzima na mikono inabaki kuongoza tu. Tiara huanza na kulabu tangu siku ya kwanza, ndiyo maana mikono haichoki. Lakini kila kishindo na kila mruko huishia kwenye magoti, vifundo vya miguu na huo mgongo. Kwa mtu mwepesi tiara ina uzuri wake, maana tiara ndogo inamtosha. Ila uzito mdogo ni huohuo unaonyanyuliwa kirahisi na kishindo, kwa hiyo chaguo la ukubwa wa tiara lisifanywe kwa kukisia wala kwa kumtazama jirani mwenye kilo 85.

Kwa hali uliyoieleza ningeanza na tanga kwenye maji ya kifuani, upepo ukiwa mwanana.

Mchangiaji wa 4

Vipi kuhusu foili na lile bawa la kushika mkononi? Naona siku hizi ndilo linalozungumzwa.

Mchangiaji wa 2

Ni mchezo mzuri, na una faida ya kutokuwa na kamba ndefu wala mlingoti. Lakini foili, yaani bawa la chini ya maji linaloinua ubao juu, lina makali na linataka usawa wa mwili ambao anayeanza hana. Mwenye msingi wa tanga au tiara huuingia bila tabu kubwa. Foili sasa imeingia kotekote: kwenye Olimpiki ya 2024, ambayo mashua zake zilishindaniwa Marseille, tanga na tiara zote zilikuwa juu ya foili, na tiara ilikuwa inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, miaka 40 baada ya tanga kuingia Los Angeles mwaka 1984. Kwa bahati, mwaka huohuo wa 1984 ndipo ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walipoomba hati ya ubunifu wa tiara yenye mrija wa kujazwa hewa, inayoelea ikianguka na kurushwa tena kutoka majini.

Nami nikiri jambo moja. Robby Naish alitwaa ubingwa wa dunia wa tanga mwaka 1976 akiwa na miaka 13, na miaka zaidi ya 20 baadaye akashinda na kwenye tiara. Watu wa namna hiyo walifika kwenye tiara wakiwa tayari wanausoma upepo. Mimi nilianza na tiara moja kwa moja, na kilichonichelewesha kuliko vyote ni kushindwa kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka. Kwa miezi mizima nilikuwa naingia majini hapa, natokea mita 600 kule upepo unakoelekea, narudi kwa miguu ufukweni na ubao kwapani. Waliotoka kwenye tanga walilielewa hilo kwa siku mbili.

Mchangiaji wa 1

Asante kwa kulisema hilo, mkuu, maana kubisha ndiko kunakotenganisha anayecheza na anayechukuliwa. Kwenye tanga unakuona kwa macho: ukiulaza mlingoti kuelekea nyuma, ubao unageuza pua kuufuata upepo unakotoka, ukiusogeza mbele, pua inakwenda unakoelekea upepo. Hakuna usukani mwingine. Sababu na matokeo viko mikononi mwako, na baada ya wiki chache mwili unajua upepo uko wapi hata ukifumba macho. Kwenye tiara sheria ni ileile, ila imefichwa nyuma ya mambo mengi yanayotokea kwa wakati mmoja.

Mleta uzi

Wakuu, nimerudi. Jana nilikwenda na utepe wangu kama nilivyoelekezwa, nikakaa saa tatu. Upepo ulikuwa wa mshazari kuelekea nchi kavu, na utepe ulinyooka vizuri upande wa wazi, lakini karibu na mahali watu wanapoingilia ulikuwa unalegea na kugeuka kwa sababu ya safu ya miti. Mchanga una upana wa kutosha maji yakipwa, ila yakijaa unabaki ukanda wa mita nane hivi, na upande unakoelekea upepo kuna ukuta wa mawe. Niliwaona watu wawili wa tiara, wote wakiingia maji yakiwa yamepwa na kuondoka kabla hayajajaa. Wa tanga walikuwapo watano, nao walikaa hadi jioni. Nilizungumza na mmoja wa wale wa tiara, akaniambia kwamba yeye alijifunzia kwingine na kwamba hapa hakuna mwalimu wa tiara anayekaa msimu mzima.

Kwa hayo niliyoyaona, nimejiandikisha kwa masomo manne ya tanga. Tiara nimeiweka hadi nitakapoweza kwenda kuisomea mahali penye mchanga mpana na mwalimu wa kudumu, siku kumi mfululizo. Nimeelewa kwamba kwa siku moja kwa wiki, bila mwalimu, nisingefika popote salama. Je, kuna cha kununua kwa sasa?

Mchangiaji wa 2

Hata mimi ninayeipenda tiara, kwa ukuta huo wa mawe na ukanda wa mita nane ningekwambia hivyohivyo. Usinunue ubao wala tanga. Ubao utakaoutumia mwezi wa kwanza hautakufaa mwaka wa pili, na shule ndizo zinazostahili kuwa nao. Nunua viatu vyepesi vya majini na fulana ya kuelea inayokubana vizuri, vyote vitakufaa hata ukija kwenye tiara.

Mchangiaji wa 1

Nami naongeza kofia ngumu, kwa sababu mlingoti ukianguka hauchagui pa kuangukia, na kwenye tiara utaihitaji zaidi. Mwombe mwalimu somo la kwanza liwe maji yakiwa yamejaa nusu, ili ukianguka miguu ifike chini bila pezi la ubao kukwaruza mchanga. Kabla hujaondoka ufukweni mwambie akufundishe kwanza kurudi bila tanga: kulikunja juu ya ubao, kulala kifudifudi na kupiga kasia kwa mikono. Ukilimudu hilo, panda, shika kamba ya kunyanyulia, na bumu usiliguse hadi tanga liwe limemwaga tone la mwisho.